Damu Katika Mkojo wa Mbwa: Mhadhara juu ya Saratani ya Kibofu na Njia Zake

Wazee wangu, na ninyi vijana wa udaktari wa mifugo mliojibanza nyuma karibu na mlango,

Nimeombwa nizungumzie saratani ya kibofu cha mkojo kwa mbwa, na hasa jinsi inavyosambaa. Najua wamo humu ambao mbwa kwao ni mlinzi wa getini tu, na wamo ambao akiwagusa kwa pua yake yenye maji itawabidi waoshe mara saba, moja kwa udongo. Karibuni wote. Habari ya leo inaanzia kwa mbwa lakini haiishii kwake.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilikuwa na miaka mitatu tu tangu nihitimu. Mzee mmoja aliniletea mbwa jike, mweusi, mwenye mvi kwenye kidevu, aliyekwisha zaa vizazi kadhaa vya walinzi wa mtaa mzima.

“Daktari, mwanangu,” akaniambia, “huyu sasa anachuchumaa kila baada ya hatua kumi, na anachotoa ni matone.”

“Kuna damu, mzee?”

“Jana ilikuwepo. Rangi ya maji yaliyooshewa nyama.”

Mnajua nilichosema. Nilisema kile ambacho mnaambiwa ninyi wenyewe kila mkienda zahanati mkilalamika kiuno: UTI. Nikavuta mkojo kwa sindano iliyopitia ukutani mwa tumbo hadi kibofuni, maana ndivyo tulivyofundishwa kupata mkojo safi. Nikaona bakteria. Nikampa antibayotiki za siku kumi, na mbwa akapata nafuu. Mzee akaniletea embe dodo kapu zima. Baada ya wiki chache damu ikarudi, nami nikabadilisha dawa. Akapata nafuu tena, lakini kidogo. Mara ya tatu nikamlaumu mzee kwamba hakumaliza dozi. Alikuwa amemaliza, na alinitazama kama anavyotazamwa kijana aliyemkosea mkubwa wake mbele za watu.

Mwezi wa nne mbwa hakuweza tena kukojoa. Kibofu kilikuwa kigumu kama dafu. Tukakubaliana kumpumzisha kwa sindano, na mzee akaniruhusu nimpasue. Kwenye shingo ya kibofu, pale mkojo unapotokea, nilikuta uvimbe wa rangi ya waridi uliochipuka mithili ya koliflawa. Tezi za limfu zilizo chini ya uti wa mgongo, karibu na nyonga, zilikuwa zimevimba. Kwenye mapafu kulikuwa na vinundu vidogo vyeupe, kama punje za uwele zilizotawanywa. Bakteria niliowaona miezi minne nyuma walikuwepo kweli. Walikuwa wapangaji tu, wameingia nyumba ambayo ukuta wake ulikwisha bomolewa na mwingine.

Hilo ndilo jambo la kwanza la kulishika kuhusu ugonjwa huu: unajificha nyuma ya ugonjwa mwepesi. Uvimbe huharibu utando wa kibofu, bakteria wakapata pa kushika, antibayotiki ikawaua, dalili zikapungua, na kila mtu akafurahi. Wakati huo saratani inaendelea na safari yake.

Sasa tuitazame safari yenyewe. Kibofu si mfuko mtupu wa kuhifadhia maji machafu. Ndani kimetandikwa seli za aina ya pekee, zinazoweza kutanuka kibofu kijaapo na kujikunja kinapomwagwa, na kazi yake nyingine ni kuzuia sumu za mkojo zisirudi mwilini. Utando huohuo umepanda hadi kwenye mirija inayoleta mkojo kutoka figo, na umeshuka hadi kwenye mfereji wa kutolea mkojo. Saratani tunayoizungumzia, ambayo ndiyo ya kawaida kuliko zote za kibofu cha mbwa, inaanzia katika seli hizo. Ukihesabu saratani zote za mbwa, hii ni kama moja au mbili katika kila mia. Ni ndogo kwa idadi, lakini kwa tabia ni katili. Kwa binadamu, saratani nyingi za kibofu hugunduliwa zikiwa bado juujuu, hazijaingia kwenye msuli. Kwa mbwa ni kinyume: zaidi ya tisa katika kumi zimekwisha kuwa za daraja kali na zinachimba ukuta.

Na mahali inapopenda kukaa ndipo pabaya kuliko pote. Chini ya kibofu kuna eneo la pembetatu: pembe mbili za juu ni matundu ya mirija kutoka figo, na pembe ya chini ni mlango wa kutokea. Ni kama makutano ya barabara tatu kwenye mji mdogo. Ukiangusha lori la mchanga hapo, hata kama halijasogea hata hatua moja, mji umefungwa. Ndivyo uvimbe huu unavyofanya. Kabla hata ya kusafiri kwenda mbali, unaweza kuziba njia ya nje, mbwa akafa kwa mkojo wake mwenyewe, au ukaziba mirija ya juu, figo zikajaa maji na kufa kimyakimya.

Kwa hiyo nikisema “kusambaa” nina maana ya mambo kadhaa yanayokwenda kwa mwendo tofauti.

Kwanza kuna kutambaa. Uvimbe unashuka kwenye mfereji wa mkojo, na hilo hutokea kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa. Kwa madume unaingia pia kwenye tezi dume, iliyouzunguka mfereji huo hapo shingoni mwa kibofu. Ndiyo maana daktari mwenye uzoefu huvaa glavu, akapitisha kidole nyuma na kupapasa sakafu ya nyonga kabla hajaandika dawa yoyote. Mfereji ulionenepa na kuwa mgumu kama kamba ya katani huhisika kwa kidole. Kipimo hicho hakina gharama ila aibu kidogo, na aibu hiyo ni ya daktari, maana mbwa hana habari nayo.

Kisha kuna kuchipuka kwingi. Utando wote wa njia ya mkojo umeogeshwa kwa mkojo uleule, na sumu zilezile, kwa miaka yote ya uhai wa mbwa. Kwa hiyo seli za sehemu moja zikigeuka, za jirani nazo mara nyingi ziko njiani kugeuka. Daktari anakata uvimbe mmoja kwa ustadi, anashona vizuri, na baada ya mwaka mwingine umechomoza upande wa pili. Si lazima kwamba alibakisha mizizi. Shamba zima lilikwisha kupandwa.

Kisha ndipo zinakuja safari za mbali. Seli zinajitenga, zinaingia kwenye mishipa ya limfu na kufikia tezi za nyonga na za chini ya mgongo. Nyingine zinaingia kwenye damu na kuchukuliwa hadi mapafuni, ini, wakati mwingine ngozini, na mara nyingine mifupani: uti wa mgongo, nyonga. Siku mbwa anapogunduliwa, takriban mmoja kati ya watano tayari ana mbegu za mbali. Siku anapokufa, ni nusu yao au zaidi. Mbwa mzee anayekojoa damu, kisha akaanza kuchechemea bila kuumia, asipewe tu dawa ya baridi yabisi. Apigwe picha ya mfupa.

Ipo pia njia moja ambayo siipendi kuitaja, kwa sababu mfunguzi wake ni sisi madaktari. Seli za saratani hii hushika kwa urahisi zikimwagwa kwenye nyama yenye jeraha. Ukichoma sindano kupitia ukuta wa tumbo ndani ya kibofu chenye uvimbe, unaweza kuvuta seli hizo na kuzipanda kwenye msuli wakati sindano inatoka. Ukipasua kibofu, hatari ni kubwa zaidi. Mwaka 2013 ilichapishwa taarifa ya mbwa 544 waliokuwa na saratani hii, na 24 kati yao walikuwa na uvimbe kwenye ukuta wa tumbo. Wengi wa hao 24 walikuwa wamepasuliwa kibofu kabla: karibu mmoja katika kila kumi ya waliopasuliwa alipata mbegu ukutani, wakati kwa wasiopasuliwa hawakufika wawili katika mia. Ukishafika hapo, uvimbe huo hausikii dawa.

Yule mbwa wa mzee nilimchoma mara tatu. Nilipompasua nilitafuta alama kwenye ukuta wa tumbo, milimita kwa milimita, na sikuona kitu. Ilikuwa bahati, tena nisiyostahili. Tangu siku hiyo kwangu kuna amri moja: mbwa aliyevuka umri wa kati, mwenye damu kwenye mkojo, hachomwi sindano ya kibofu kabla ya kutazamwa kwa ultrasaundi. Mkojo ukingwe kwa kopo safi akiwa anakojoa, au utolewe kwa mpira. Kinyama cha kupima kitolewe kwa kupitia njia ya mkojo yenyewe, kwa mpira au kwa kamera nyembamba, kisifuatwe kwa kupenya ukuta wa tumbo. Vijana mlioko mlangoni, andikeni hilo hata kama hamtaandika lingine.

Hebu sasa tuvuke bahari, kwa sababu mengi ninayowaambia yamejulikana kupitia mbwa mmoja mfupi, mweusi, mwenye ndevu na kiburi: Scottish Terrier. Wenye umri wangu watamkumbuka kwa picha za Rais Roosevelt wa Marekani, aliyekuwa na mbwa wa aina hiyo aitwaye Fala. Mpaka leo sanamu ya Fala iko Washington, imekaa karibu na sanamu ya bwana wake. Fala hahusiki na ugonjwa huu. Nawatajia ili mpate sura yake. Jamaa zake ndio wanaohusika. Scottish Terrier ana hatari ya saratani ya kibofu mara 18 hadi 20 kuliko mbwa wa kuchanganyika, yule tunayemwita koko. Wamo wengine kwenye orodha hiyo, Shetland Sheepdog, West Highland White Terrier, Beagle, lakini hakuna anayemkaribia. Majike hupatwa kuliko madume, na waliohasiwa kuliko wasiohasiwa. Umri wa kawaida ni miaka kama 11.

Hapo tunaona gharama ya kuzalisha mbwa kwa sura. Watu wanachagua ndevu na miguu mifupi kizazi baada ya kizazi, ndugu kwa ndugu, na bila kujua wanabeba pamoja nazo kitu kilichojificha kwenye damu. Koko wetu wa jalalani, ambaye babu yake hajulikani wala hataki kujulikana, ana urithi mchanganyiko unaomkinga. Sina nia ya kuwatukana wenye mbwa wa cheti. Nasema tu kwamba cheti hakijaandika kila kitu.

Katika Chuo Kikuu cha Purdue, jimbo la Indiana, Daktari Deborah Knapp na wenzake wamewafuata mbwa wenye saratani hii kwa zaidi ya miaka thelathini. Na ajabu ni jinsi tiba ilivyoanza. Kulikuwa na dawa ya watu, ya maumivu ya viungo, iitwayo piroksikamu. Ilitolewa kwa mbwa wenye saratani ili wasiumie sana katika siku zao za mwisho, basi. Kisha ikaonekana uvimbe wa baadhi yao unanywea. Mwaka 1994 Knapp na wenzake walichapisha matokeo ya mbwa 34 wenye saratani ya kibofu waliopewa dawa hiyo peke yake: wawili uvimbe ulitoweka kabisa, wanne ulipungua sana, 18 ulisimama, na 10 uliendelea kukua. Nusu ya mbwa hao waliishi zaidi ya siku 181. Kwa maisha ya mbwa miezi sita si haba, tena ilipatikana kwa kidonge tu, bila kisu.

Sababu ni kwamba uvimbe huu mara nyingi hutengeneza kwa wingi kimeng'enya cha COX-2, kinachousaidia kukua na kujenga mishipa ya damu, na piroksikamu hukizuia. Baadaye wakaiunganisha na dawa za tibakemikali, mitoksantroni na vinblastini, wakapata matokeo bora kuliko kidonge peke yake. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tokyo waliiunganisha na lapatinibu, dawa ya saratani ya matiti ya wanawake, na nusu ya mbwa wao wakaishi zaidi ya siku 435, dhidi ya siku 216 kwa waliopewa piroksikamu pekee. Kuponya kabisa bado. Lakini kuna kuishi na ugonjwa, mbwa anakula, anabweka, anamkimbilia mwenyewe getini.

Nisimame hapa nitoe onyo, kwa maana najua mmoja wenu kesho asubuhi atakuwa duka la dawa. Piroksikamu huchubua tumbo na huumiza figo. Kwa mbwa hupimwa kwa uangalifu na mgonjwa hufuatiliwa kwa vipimo vya damu. Na msije mkasema “zote ni dawa za maumivu,” mkampa diklofenaki au ibuprofeni. Hizo zimeua mbwa wengi kwa vidonda vya tumbo na figo kufeli, na waliowapa walikuwa wakiwahurumia.

Turudi kwenye chanzo. Ugonjwa huu unatoka wapi? Urithi tumeusema. Mwaka 2015 makundi mawili ya watafiti yaligundua kwamba saratani nyingi za kibofu cha mbwa zina kosa moja lilelile katika jeni iitwayo BRAF. Ni herufi moja tu iliyobadilika katika kitabu kizima, na kiwashio cha ukuaji wa seli kikakwama kwenye “washa.” Linapatikana katika theluthi mbili hadi asilimia 85 ya uvimbe huu. Na kwa kuwa uvimbe unadondosha seli zake kwenye mkojo, kosa hilo linaweza kusomwa kwenye mkojo wenyewe, bila kisu na bila sindano. Kipimo hicho kilitengenezwa na Profesa Matthew Breen na wenzake wa Chuo Kikuu cha jimbo la North Carolina. Hakivurugwi na damu wala bakteria. Kikisema ndiyo, ni ndiyo. Kikisema hapana, bado usilale, maana wapo wagonjwa wasio na kosa hilo.

Lakini urithi ni baruti tu. Kiberiti kinatoka nje. Na hapa mbwa na binadamu wameunganishwa kwa historia ndefu kuliko mnavyodhani. Mwaka 1895 huko Frankfurt, Ujerumani, daktari wa upasuaji Ludwig Rehn alitoa taarifa ya wafanyakazi watatu wa kiwanda kimoja cha rangi za nguo waliopata saratani ya kibofu. Alishuku rangi. Kwa miongo minne walibishana, kwa sababu wanyama wa maabara waliopewa kemikali hizo hawakupata ugonjwa. Kisha mwaka 1938 Wilhelm Hueper, aliyekuwa amefanya kazi katika maabara ya kampuni ya DuPont huko Marekani, alichapisha majaribio yake. Alikuwa amewapa mbwa majike kemikali ya viwanda vya rangi iitwayo beta-naftilamini, na wengi wao wakaota uvimbe kibofuni. Mbwa ndiye aliyetoa ushahidi ambao panya alishindwa kuutoa. Wafanyakazi wa viwanda vya rangi wana deni kwa mbwa wale, ambao hawakuulizwa.

Mwaka 1981 Howard Hayes na wenzake walikwenda mbali zaidi: wakaonyesha kwamba mbwa wa majumbani katika maeneo ya Marekani yenye viwanda vingi walipatwa na saratani ya kibofu zaidi. Mbwa hafanyi kazi kiwandani. Anavuta hewa tu, anakanyaga ardhi, kisha analamba miguu yake.

Na kwa miguu hiyo tufike bustanini. Purdue waliwalinganisha Scottish Terrier 83 wenye saratani ya kibofu na 83 wasio nayo, wakachapisha mwaka 2004. Waliokuwa wakicheza kwenye majani yaliyopuliziwa dawa za kuua magugu walikuwa na hatari kubwa mara kadhaa kuliko wengine, hasa dawa za kundi la 2,4-D. Ndiyo, ileile 2,4-D ambayo mashamba yetu ya mahindi, ngano na miwa yanaijua sana. Utafiti wa aina hiyo unaonyesha kwamba vitu viwili vinatembea pamoja. Hauthibitishi kwamba kimoja kimemsukuma mwenzake. Lakini mwaka 2013 walipima mkojo wa mbwa wa majumbani na kukuta dawa hizo humo, hata kwa baadhi ya mbwa ambao bustani zao hazikupuliziwa kabisa. Upepo haujui mpaka wa shamba. Mimi nikipulizia shamba langu, mbwa na watoto hawakanyagi mpaka dawa ikauke, na pampu haioshewi uani.

Moshi nao. Watafiti wa Purdue waliwafuata Scottish Terrier 120 kwa miaka mitatu, na waliokaa na moshi wa sigara walikuwa na hatari mara sita kuliko wengine. Kwa binadamu, sigara ndiyo chanzo kikuu cha saratani ya kibofu, na wengi wa wavutaji wanadhani inadhuru mapafu tu. Sumu za moshi huingia kwenye damu, huchujwa na figo, kisha husubiri kibofuni saa kadhaa. Anayevutia sigara sebuleni anamvutisha pia yule aliyelala chini ya kiti.

Habari njema katika fungu hili ni moja, nayo inachekesha. Utafiti mwingine wa Purdue, wa 2005, ulikuta kwamba Scottish Terrier waliopewa mboga angalau mara tatu kwa wiki juu ya chakula chao cha kawaida walikuwa na hatari ndogo sana ya ugonjwa huu. Karoti, mboga za majani. Mbwa wa Kiswahili anayemaliziwa ugali kwa mchicha ameonewa huruma na sayansi bila mwenyewe kujua. Ila vitunguu asipewe. Vinaharibu damu yake.

Nimeulizwa kabla ya mhadhara: je, saratani ya mbwa inaambukiza watu? Hapana. Hata mbwa kwa mbwa, hii ya kibofu haiambukizi. Ipo saratani ya mbwa inayoambukizwa kwa kujamiiana, ambayo madaktari wa mifugo wa hapa tunaiona mara kwa mara kwa mbwa wa mitaani: uvimbe mwekundu unaotoa damu sehemu za siri. Seli zenyewe huhama kutoka mbwa hadi mbwa, na zimekuwa zikihama hivyo kwa maelfu ya miaka. Hiyo hupona vizuri kwa sindano za vinkristini. Watu huzichanganya hizi mbili kwa sababu zote zinatoa damu sehemu ileile, kwa hiyo atazamwe kwanza. Damu ya kwenye mkojo si sawa na damu inayodondoka tu bila mkojo.

Sisi wa pwani na wa maziwa tuna yetu ya kibofu. Unguja, Pemba, mabwawa ya Usukumani, mito ya mwambao wa Kenya, kuna kichocho cha mkojo. Nilipokuwa mtoto, kijana aliyekojoa damu alionekana amebaleghe. Mayai ya mdudu wa ugonjwa huo hukwama ukutani mwa kibofu miaka na miaka, na mwasho huo usioisha huweza kuzaa saratani ya aina nyingine na hii ya mbwa. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilimweka mdudu huyo kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1994. Dawa yake, prazikuanteli, hugawiwa mashuleni. Lakini mtu mzima aliyekojoa damu bado anasema ni joto, ni safari, ni kukaa juani.

Nimalizie na wale Scottish Terrier 120 wa Purdue. Wote walikuwa na umri wa miaka sita au zaidi, na hakuna aliyeonyesha dalili yoyote. Kila miezi sita walipimwa mkojo na kutazamwa kibofu kwa ultrasaundi. Mwisho wa miaka mitatu, 32 kati yao walikuwa wamekutwa na saratani ya kibofu. Wenye mbwa hao hawakuwa na habari. Mbwa alikula, alikimbia, alikojoa kama kawaida. Walipoanza tiba mapema, kwa dawa ya jamii ya piroksikamu iitwayo derakoksibu, waliitikia vizuri kuliko wagonjwa ambao kwa kawaida huletwa kwetu wakiwa wamekwisha chelewa.

Hapa kwetu kipimo cha BRAF hakipatikani dukani, na ultrasaundi ya mifugo iko miji michache. Lakini kopo la kukingia mkojo lipo, kidole kipo, na macho yapo. Mbwa wako akikojoa damu, mlete siku hiyohiyo. Akipewa antibayotiki na damu ikarudi, usikubali dozi ya pili kabla kibofu hakijatazamwa. Nisumbue, nibishie, niambie nilisema mwenyewe hapa jukwaani. Na wewe uliyenijia kabla sijaanza, ukaniuliza kwa sauti ya chini habari za mbwa wa rafiki yako, nami nikaona dhahiri kwamba huyo rafiki hana mbwa: nenda hospitali kesho asubuhi, ndugu yangu, na mkojo wa asubuhi.